Masta ya utafiti wa kitabibu huku uko kazini: kwa nini wengi tunakwama kwenye tasnifu?

#1 Daktari wa Zamu (mleta uzi)
Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa zamu, wodi ya watoto imetulia kidogo.

Mimi ni daktari wa hospitali ya wilaya, mwaka wa 9 kazini. Nilijiunga na masta ya utafiti wa kitabibu, ile ya kusoma huku unaendelea na kazi: vipindi vya mtandaoni jioni, na wiki mbili za ana kwa ana kila muhula. Masomo ya darasani nimeyamaliza. Epidemiolojia nimefaulu, takwimu nimefaulu, maadili ya utafiti nimefaulu. Tasnifu ina miezi 14 iko palepale. Tulianza wanafunzi 19. Waliokabidhi ni 4, na katika hao, 3 wameajiriwa kwenye miradi ya utafiti.

Tatizo ni nini hasa? Muda? Wasimamizi? Au kozi ilishonwa kwa kipimo cha mtu mwingine? Tafadhali msiniambie nikaze, nimekaza. Juzi nimepitiwa na usingizi laptopu ikiwa kifuani, saa nane usiku nikaamshwa na simu ya mtoto mwenye degedege.

#2 Kopwe
Nimeweka kambi hapa. Mwaka wa 3, sura ya kwanza.

#3 Mjukuu wa Usangi
Mshika mbili moja humponyoka, mkuu. Utafiti si kazi ya masalio ya muda. Omba ruhusa ya masomo, nenda kasome mchana kama wenzako, urudi umemaliza. Hizi kozi za jioni zinachukua ada zetu na kutuachia msongo.

#4 Nesi wa Muheza
Mjukuu wa Usangi, methali hiyo nimeambiwa na kila bosi niliyempelekea barua. Baba yangu alilima mahindi, akafuga mbuzi, akawa fundi baiskeli, na watoto sita tukasoma. Kushika mbili ndiyo maisha ya watu wengi nchini.

Halafu wote tukienda masomoni mchana, wodini anabaki nani? Wodi yangu usiku ina wauguzi wawili. Na swali la utafiti linazaliwa wodini. Hapa kwetu Hospitali ya Teule ni miongoni mwa hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania zilizofanya jaribio la FEAST. Swali lilikuwa la kawaida kabisa: mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, ukimpa maji ya dripu kwa kasi, unamsaidia? Vitabu vilisema ndiyo. Watoto 3,141 wakashiriki, na majibu ya 2011 yakawashangaza hata waliouliza: waliopewa maji kwa kasi walikufa zaidi ndani ya saa 48, asilimia 10.6 na 10.5 kwa aina mbili za maji, dhidi ya 7.3 kwa ambao hawakupewa. Swali kama hilo linamjia mtu aliyeshika dripu mkononi.

#5 Kibarua wa Maabara
Nesi upo sahihi, ila nakumbuka watoto walikuwa zaidi ya 5,000 na ilihusu malaria kali, sindano ya artesuneti dhidi ya kwinini.

#6 Nesi wa Muheza
Hiyo ni AQUAMAT ndugu yangu, watoto 5,425, vituo 11 katika nchi 9 za Afrika, ikachapishwa 2010. Teule walishiriki zote mbili ndiyo maana zinachanganywa. Kunywa maji, rudi kwenye darubini.

#7 Mama Takwimu
Naomba niseme jambo linaloniuma. Nasaidia wanafunzi wa masta na wa MMed (ubingwa wa udaktari) kwenye takwimu, mwaka wa 12 sasa. Maandiko yanayonifikia, moja baada ya jingine, yana sampuli ileile, yaani idadi ya watu wa kuchunguzwa: 384. Namba hii inatoka kwenye hesabu ya kukadiria kiwango cha jambo katika jamii kubwa. Unadhani jambo lipo kwa asilimia 50, unakubali kosa la asilimia 5 kila upande, unataka uhakika wa asilimia 95, hesabu inakupa 384. Haina ubaya wowote. Ubaya ni kuibeba na kuipachika kwenye swali ambalo si lake, kwa sababu aliyetangulia alifaulu nayo.

Daktari wa Zamu, hebu liandike hapa swali lako neno kwa neno.

#8 Daktari wa Zamu
Mama Takwimu, shikamoo. Kichwa ni hiki: "Mchango wa maboresho ya huduma za dharura katika kupunguza vifo vya watoto wenye malaria kali." Nalinganisha kabla na baada ya maboresho. Sampuli ni hiyohiyo uliyoitaja.

#9 Mama Takwimu
Marahaba mwanangu. Sasa angalia. AQUAMAT iliyotajwa na Nesi hapo juu ilipata vifo asilimia 10.9 kwa kwinini na 8.5 kwa artesuneti. Tofauti hiyo ni kubwa sana kwa familia, lakini kihesabu ni nyembamba. Ukitaka uwezekano wa asilimia 80 wa kuigundua, unahitaji watoto wapatao 2,400 kila kundi. Wewe una 384 kwa makundi yote mawili. Ungefanya kazi miaka miwili, huduma ikawa imeboreka kweli, na jedwali lako likakuambia hakuna tofauti.

Kwa hiyo sioni kama umekwama kwa uvivu, wala kwa zamu peke yake. Kila unapofungua faili moyo wako unajua kwamba njia hii haifiki. Wanafunzi wengi wanaoniambia "sina muda" wana swali kubwa kuliko maisha yao.

#10 Kopwe
Hii #9 nimeisoma mara tatu. Naifungua sura yangu ya kwanza leo.

#11 Mhadhiri Mstaafu
Nimesimamia wanafunzi wa namna hii hadi nastaafu. Mama Takwimu amesema kweli lakini nusu. Upande wetu wasimamizi hausemwi. Nilikuwa na wanafunzi 11 kwa mpigo. Mwanafunzi aliye kazini ananyamaza miezi mitano, kisha saa tano usiku inaingia barua pepe: kurasa 60, "naomba maoni kesho, dirisha linafungwa." Nami nina mihadhara na kliniki. Zinakaa wiki tatu. Yeye anasema msimamizi amemtupa, mimi nasema amepotea.

Kilichonisaidia ni ukurasa mmoja kila Ijumaa, hata kama umeandikwa "wiki hii sikufanya kitu, tulikuwa na mlipuko wa kuhara". Nilisoma kurasa hizo kwenye simu nikiwa foleni ya benki. Waliotuma kila wiki walimaliza, karibu wote.

#12 Mjukuu wa Usangi
Shikamoo Profesa. Kwa hiyo dawa ni ukurasa mmoja? Wale 15 wa darasa la mleta uzi wote wamekwama kwa kukosa barua ya Ijumaa?

#13 Mhadhiri Mstaafu
Marahaba. Sikusema wote. Nimesema nilichokiona mimi.

#14 Mwana wa Mtwapa
Salamu kutoka pwani ya kaskazini. Nachangia kama jirani. Nyinyi mnazungumzia muda na wasimamizi, mimi naona ni data. Kilifi, hospitali ya kaunti na kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome (wafadhili wa Uingereza) viko ua mmoja, tangu 1989. Mtoto akilazwa, taarifa zake zinaingizwa kwa utaratibu uleule kila siku, usiku na mchana. Mwanafunzi anayefanya kazi pale akija na swali, rekodi ziko tayari, kazi yake ni kuomba kibali na kuzichambua. Mwenzake wa hospitali nyingine inambidi kwanza aitengeneze data, na hiyo pekee ni kazi ya watu watano kwa mwaka mzima.

Daktari wa Zamu aliposema watatu kati ya wanne waliomaliza wako kwenye miradi, kwangu mimi hapo ndipo jibu lilipo.

#15 Daktari wa Zamu
Mwana wa Mtwapa, umenigusa. Niwaambie stoo yetu ya faili ilivyo. Chumba kimoja nyuma ya famasi, dirisha moja, maboksi ya dripu yaliyogeuzwa kuwa ya faili. Yameandikwa mwezi kwa kalamu ya wino mzito. Mvua za mwaka jana zilipita kwenye bati, yale ya chini yakaloa na karatasi zikashikana kama maandazi ya jana. Nilitumia Jumamosi mbili kuzitenganisha kwa ncha ya kisu cha mezani. Kwenye chati nyingi za dawa kuna alama ya tiki bila saa. Dawa ilitolewa, lakini hujui kama ni saa moja au saa saba.

#16 Kibarua wa Maabara
Sisi maabara tuna kitabu kikubwa cha kaunta na kila kipimo kina saa. Usitudharau tena.

#17 Afisa Tabibu Mdogo
Wakuu samahani kwa kurudisha nyuma. Kozi niliyotumiwa imeandikwa utafiti wa kitabibu NA jambo jingine ambalo mtu alinitafsiria kuwa "utafiti wa tafsiri". Nikadhani ni mambo ya lugha. Ni nini hasa?

#18 Mhadhiri Mstaafu
Ni utafiti unaohamisha ujuzi: kutoka maabara hadi kwa mgonjwa, kisha kutoka kwa wagonjwa wachache wa jaribio hadi kwenye huduma ya kila zahanati. Jina hilo lilipata nguvu Marekani, hasa mwaka 2006 taasisi zao za taifa za afya zilipoanza kufadhili vituo maalumu vya kazi hiyo, zikianza na vyuo na taasisi 12. Hofu yao ilikuwa kwamba ugunduzi ni mwingi, unaomfikia mgonjwa ni mchache.

#19 Mzaliwa wa Kigamboni
Tuite utafiti wa pantoni basi. Dawa iko upande wa Magogoni, mgonjwa yuko Kigamboni, kinachokosekana ni chombo cha kuvusha.

#20 Nesi wa Muheza
Napiga kura. Pantoni.

#21 Mjukuu wa Usangi
"Tafsiri" linapotosha, hapo nawaunga mkono. "Utafiti wa uvushaji" ningelikubali kwenye tasnifu. Pantoni liacheni hapahapa jukwaani.

#22 Mganga wa Butembo
Jambo ndugu zangu. Miye ni wa Kivu ya Kaskazini, Kongo. Nimesoma hii habari ya pantoni nikaona tuliiishi.

Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit. Kuna mtu aliyepona, na miaka mingi baadaye kutoka kwenye damu yake wakapata kingamwili, wakaitengeneza kuwa dawa, mAb114. Ebola ilipofika kwetu 2018, Profesa Muyembe na wenzake walianzisha jaribio la PALM: dawa nne, wagonjwa 681, Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwezi wa 8 mwaka 2019 wakasimamisha mapema sababu dawa mbili zilionekana kuzidi zingine. Waliokufa kwa mAb114 walikuwa asilimia 35.1, kwa REGN-EB3 asilimia 33.5, na kwa ZMapp iliyokuwa dawa ya kulinganishia asilimia 49.7. Damu ya Mkongo wa Kikwit ikarudi kuwa dawa ya Mkongo wa Beni.

Sisi wauguzi hatukuwa na masta. Tulifundishwa kanuni za majaribio asubuhi, mchana tunavaa zile nguo na kuingia. Ukitoka, jasho limejaa kwenye buti. Jioni tunarudia fomu, tunasahihisha. Kwa hiyo mukisema utafiti hauwezi kusomwa huku mutu anafanya kazi, miye sikubali. Lakini kulikuwa mutu amelipwa kukufundisha, na mutu mwingine amelipwa kushika zamu yako ukiwa kwenye mafunzo.

#23 Daktari wa Zamu
Mganga wa Butembo, asante sana. Sentensi yako ya mwisho nimeinakili kwenye daftari.

#24 Mbeba Boksi wa Maryland
Hiyo sentensi ya mwisho ya #22 ndiyo hoja yangu. Huku Marekani daktari anayepata ruzuku ya mafunzo ya utafiti ya serikali, zile za kundi la K, kwa kawaida lazima asilimia 75 ya muda wake wa kazi iwe ya utafiti na mafunzo. Imeandikwa kwenye mkataba, na mkuu wa idara anasaini. Yaani kati ya siku tano, moja na kidogo tu ndiyo ya kliniki. Huko nyumbani tumechukua mtaala, tukachukua vitabu, tukaiacha ile siku iliyolindwa. Kisha tunashangaa watu hawamalizi.

#25 Mjukuu wa Usangi
Mbeba Boksi, hapo umenitetea mimi. Nilisema tangu #3 kwamba haiwezekani kwa masalio ya muda.

#26 Mbeba Boksi wa Maryland
Hapana mkuu. Wewe umesema aache kazi aende chuo. Mimi nasema abaki kazini, apewe siku.

#27 Mkunga wa Kanda ya Ziwa
Niingie na yangu. Mimi ni mkunga, nasoma masta mwaka wa 2, nitamaliza kwa uwezo wa Mungu, na sina siku iliyolindwa. Kilichoniokoa ni kwamba swali langu liko ndani ya kazi yangu.

Zamani damu ya baada ya kujifungua tulikadiria kwa macho. Kitenge kimoja kimeloa, unasema mililita 300. Vitenge viwili, unasema 500. Mama mwingine anatoka damu taratibu, huoni kitu cha kutisha, ukishtuka mikono yake imeshakuwa ya baridi. Likaja jaribio la E-MOTIVE: hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya 210,000, majibu 2023. Kitu cha kwanza ndani yake ni plastiki: karatasi ya nailoni inayotandazwa chini ya mama, mwisho wake kuna mfuko wenye mistari kama jagi la kupimia. Mstari wa 300 unakuamsha, wa 500 unakuamuru. Ukifika, unafanya yote kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, uchunguzi. Madhara makubwa, yaani kutokwa damu nyingi sana, kupasuliwa kwa ajili ya damu, au kifo kwa ajili hiyo, yalikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3 kwenye hospitali zilizoendelea kama kawaida.

Dawa zote hizo tulikuwa tunazijua. Hakuna molekuli mpya hapo. Mimi nauliza jambo dogo: kwenye wodi yangu, zamu ya usiku, mfuko huo unatandazwa kwa akina mama wangapi, na usipotandazwa sababu ni nini? Nahesabu nikiwa kazini. Nina kijitabu kwenye mfuko wa gauni. Msimamizi alisema swali ni dogo mno kwa masta. Nikambishia wiki mbili, akakubali.

#28 Mama Takwimu
Mkunga, nakupongeza kwa kubisha wiki mbili.

#29 Mjukuu wa Usangi
Kwa heshima yote kwa Mkunga, ninachoona hapo ni ukaguzi wa huduma. Kuhesabu kama kifaa kimetumika ni kazi ya muuguzi mfawidhi. Tasnifu inapaswa kuongeza ujuzi ambao haukuwepo.

#30 Mkunga wa Kanda ya Ziwa
Na ujuzi kwamba mfuko unaookoa maisha uko kabatini umefungwa kwa kufuli, ufunguo amelala nao mtu nyumbani, ulikuwepo wapi kabla sijauandika?

#31 Mhadhiri Mstaafu
Mpaka kati ya ukaguzi na utafiti umegombaniwa kwenye vikao vingi nilivyokaa. Ukaguzi unauliza kama tumefanya tulichokubaliana. Utafiti unauliza kwa nini hatufanyi na nini kingebadilisha, kwa namna itakayomfaa mtu wa hospitali nyingine. Mkunga ana sehemu zote mbili. Mjukuu ana haki ya kudai sehemu ya pili iwe na uzito.

#32 Karani wa Kamati
Nimesoma kimya hadi hapa. Nafanya kazi sekretarieti ya kamati ya maadili, sitasema ipi. Mtatulaumu tu, najua, lakini nieleze tunachokiona. Andiko la mwanafunzi linarudishwa mara tatu, na sehemu inayolirudisha mara nyingi ni fomu ya ridhaa. Imeandikwa Kiingereza, imepitishwa kwenye mashine ya kutafsiri, ikatoka lugha ambayo mama wa Nachingwea hawezi kuielewa wala mimi. Nimewahi kuona fomu inamwambia mama kwamba mtoto wake atachaguliwa "kwa bahati nasibu". Akasikia hivyo, anauliza zawadi ni nini.

#33 Nesi wa Muheza
Karani, hiyo ni kweli tupu. Kwenye mradi niliofanyia kazi, tulikuwa na bibi mmoja mlezi wa mjukuu. Fomu ilisema "makundi yatapangwa kinasibu". Nikaiweka chini. Nikamwambia: bibi, hatujui dawa ipi kati ya hizi mbili ni bora, ndiyo maana tunafanya kazi hii. Mtoto wako ataingia dawa hii au ile, na sichagui mimi, wala daktari, wala wewe. Ni kama kurusha shilingi juu. Ukikataa, atatibiwa kama kawaida na hakuna atakayekununia. Akanyamaza. Akauliza, "Na nikikubali leo, nikakataa kesho?" Nikamwambia unakataa. Ndipo akaomba wino. Dole gumba lake lilikuwa na ufa wa jembe, alama ikatoka imekatika katikati.

Maneno hayo niliyatoa wapi? Hakuna mhadhara ulionifundisha.

#34 Kopwe
Karani, kwa mtu wa nje ya mradi vibali vinapita wapi hasa? Mimi nilizunguka hadi nikachoka.

#35 Karani wa Kamati
Mwanafunzi wa Bara anaanza na kamati ya maadili ya chuo chake. Ikibidi kibali cha kitaifa, ni kamati ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Jaribio la dawa linaongezewa kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zanzibar wana kamati yao, usije na barua ya Bara ukadhani inatosha. Kisha barua zinashuka: mkoa, halmashauri, mganga mfawidhi. Barua ya chini kabisa ndiyo inayokaa muda mrefu, kwa hiyo mjulishe mfawidhi kabla hujaanza kuandika, siyo siku unapofika na dodoso.

#36 Kibarua wa Maabara
NIMR si ilianza 1975?

#37 Karani wa Kamati
Sheria yake ni ya 1979. Nne zimekuponyoka.

#38 Afisa Tabibu Mdogo
Kwa ambao hatujaanza, tuanzie wapi bila kuingia deni?

#39 Mbeba Boksi wa Maryland
Anza na ya bure. Taasisi za taifa za afya za Marekani zina kozi ya kanuni za utafiti wa kitabibu, inaitwa IPPCR, ilianza 1995, mtandaoni hulipi kitu. Ukiona bado una hamu baada ya hapo, ndipo ufikirie masta. Chuo cha London cha usafi na tiba za kitropiki kina masta ya majaribio ya kitabibu kwa masafa, na wanakupa hadi miaka 5 kumaliza. Edinburgh wana ya mtandaoni ya miaka 3, ukishindwa kuendelea unaondoka na cheti au stashahada. Nyumbani MUHAS (chuo kikuu cha Muhimbili) wana mkondo wa afya ya jamii kwa walio kazini. Kozi yoyote ya nje, iulizie TCU, tume ya vyuo vikuu, kabla ya kulipa, siyo baada.

#40 Mlipa Ada
Mbona pesa haijatajwa hadi #38? Mimi nilikwama kwa pesa, sitafuni maneno. Ada ni dola, mshahara ni shilingi. Mwaka wa kwanza nilikopa chama cha akiba, wa pili nikauza pikipiki. Mwaka wa tasnifu ndio hauna mfadhili: nauli ya kwenda vituoni, bando, karatasi, posho ya wasaidizi wawili wa kukusanya data. Nilipomaliza nikapeleka cheti kazini. Jibu lilikuja kwamba mwajiri hana nafasi yenye jina la masomo yangu, daraja likabaki lilelile. Mwenzangu aliyesoma ubingwa alipanda. Mtu akiona hivyo akiwa katikati ya tasnifu, nguvu ya kuamka saa kumi alfajiri anaitoa wapi?

#41 Kopwe
Pole sana Mlipa Ada.

#42 Daktari wa Zamu
Mlipa Ada, hilo nalo lipo kwangu. Mke wangu aliniuliza juzi, "Ukimaliza, nini kitabadilika?" Nikamjibu kwamba watoto watatibiwa vizuri zaidi. Akasema hilo analijua, anauliza kuhusu nyumba.

#43 Mwana wa Mtwapa
Akiuliza tena mwambie habari ya klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria. Mlipokuwa mnaiacha 2006, kuna watu walikuwa wamekaa miaka wanahesabu watoto ambao homa ilirudi baada ya dozi.

#44 Mama Takwimu
Klorokwini Tanzania iliachwa 2001, ikaja SP (sulfadoxine-pyrimethamine). Mwaka 2006 ndipo ilipoingia ALu, ile dawa mseto. Mengine umesema vizuri.

#45 Mhadhiri Mstaafu
Na hesabu hizo nyingi zilifanywa na watu wa kawaida wa vituo: tabibu, mtu wa darubini, daftari.

#46 Afisa Tabibu Mdogo
Kuna mahali nilisoma kwamba ugunduzi huchukua miaka 17 kumfikia mgonjwa. Ni kweli?

#47 Mama Takwimu
Namba ya 17 imetokana na kuunganisha makadirio ya hatua mbalimbali, mengi ya nchi tajiri. Ichukue kama ishara kwamba ni muda mrefu, usiinukuu kama kipimo cha mzani. Artesuneti yenyewe ilienda haraka: majibu 2010, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukabadilika 2011. Kutoka kwenye mwongozo hadi kwenye sindano ya pili, ile ya saa 12 baada ya kwanza, inapoangukia usiku wa Jumapili, hapo ndipo sijaona mtu anapima vya kutosha.

#48 Daktari wa Zamu
Mama Takwimu, #47 imenimaliza. Nimekaa nayo tangu jana.

Artesuneti inatolewa saa ya kulazwa, saa 12 baadaye, na saa 24. Miongozo ya 2015 ikaongeza kwamba mtoto wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo, siyo 2.4 ya zamani. Wodini kwetu dozi ya kwanza tunaitoa vizuri. Ya pili inaangukia kwenye kubadilishana zamu. Nimepitia faili 10 za haraka jana usiku: kwenye 4 sikuona ushahidi wowote wa dozi ya pili, na 2 zilitumia hesabu ya 2.4 kwa watoto wa kilo 11 na 14. Sijalala vizuri. Mmoja wa hao wawili nililaza mimi.

Nataka kubadilisha tasnifu. Swali: ni watoto wangapi waliopata dozi zote tatu kwa wakati na kwa uzito sahihi, na dozi inapokosekana, inakosekana kwenye zamu ipi? Kisha niongee na wauguzi kujua kwa nini. Faili 200 zitatosha?

#49 Mama Takwimu
Ukiwa na faili 200, hata jambo likiwa nusu kwa nusu, kosa lako ni kama asilimia 7 kila upande. Kwa swali hilo inatosha, mradi uzichukue kwa mpangilio, siyo zile za juu ya boksi kwa sababu ni kavu.

#50 Mjukuu wa Usangi
Bado nasema ni ukaguzi. Lakini ni ukaguzi ambao ningependa kuusoma.

#51 Mhadhiri Mstaafu
Hiyo sehemu ya kuongea na wauguzi ndiyo inayokutoa kwenye ukaguzi, usiikate ukibanwa na muda. Na mwambie msimamizi wako mapema kuhusu mabadiliko, ukurasa mmoja tu. Kamati itataka marekebisho ya kibali, Karani atakueleza.

#52 Karani wa Kamati
Ndiyo, usiguse faili nyingine hadi marekebisho yapite. Hata kama funguo za stoo unazo. Na hizo 10 ulizozipitia, usizihesabu kwenye utafiti.

#53 Mbeba Boksi wa Maryland
Na siku? Umeomba siku?

#54 Daktari wa Zamu
Nimeenda kwa mganga mfawidhi leo asubuhi. Siku nzima amekataa. Amenipa mchana wa Alhamisi, saa nane hadi saa kumi na moja, kwa mdomo, bila barua. Daktari mtarajali atanishikia wodi.

#55 Mbeba Boksi wa Maryland
Iandikishe. Kwa mdomo itaisha siku mtarajali atakapohamishwa.

#56 Mkunga wa Kanda ya Ziwa
Saa tatu si haba. Mimi sina hata hizo.

#57 Mganga wa Butembo
Na ile boksi yenye ililoa, ndugu?

#58 Daktari wa Zamu
Boksi mbili za Januari hazisomeki kabisa, wino umeondoka. Nimeandika barua ya marekebisho nikaomba kuanzia Februari, na sababu nimeitaja kama ilivyo. Kitabu cha kaunta cha maabara nacho nimekiombea kibali, kwa ajili ya saa. Kibarua wa Maabara, hiyo ni heshima yako.